Bega la Kushoto, Tia Pamba

Mteja mpya aliyeingia dukani kwa Fundi Kinanda alikuwa na kawaida ya kushangaa mara mbili. Kwanza alishangaa kupimwa toka bega hadi ugoko bila fundi kuandika kitu, si kwenye karatasi, si ukutani, si kwenye kiganja cha mkono. Pili alishangaa kumsikia anaimba. Futi ikizunguka kifua, sauti inapanda, futi ikishuka kiunoni, sauti inashuka nayo, na kufikia kwenye pindo wimbo umekamilika, na fundi anasema, "Haya mama, nimeshakushika. Njoo Alhamisi."

Wenye haraka walidhani ni mbwembwe. Hazikuwa mbwembwe. Kuimba ndiko kulikuwa kuandika kwake.

Alirithi kwa shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea na kumpa ufundi na ulimi kwa pamoja. Shangazi huyo shule aliiona kwa nje tu, akipita njia. Lakini hata baada ya kujua kusoma kidogo kidogo ukubwani, kipimo cha mteja hakukiandika. "Karatasi ina mdomo," alikuwa akisema. "Leo iko kwako, kesho imefungiwa karanga." Na ushahidi alikuwa nao. Mtaa wa pili palikuwa na fundi aliyeandika vipimo ukutani kwa chaki, jina na kiuno, jina na kiuno. Siku moja mawifi wawili wakaja pamoja kuchukua nguo, wakajikuta ukutani, mmoja juu ya mwenzake. Yule aliyekuwa akimwita mwenziwe gunia ndiye aliyekuwa gunia. Ugomvi uliozuka hapo, mpaka shangazi anazikwa ulikuwa haujaisha.

Kwa hiyo shangazi aliimba, na mpwa naye akaimba. Kila mteja wa kudumu alikuwa na wimbo wake, na sharti lilikuwa moja: jina halitiwi. Ukitia jina, alisema shangazi, umeuza mtu. Usipotia jina, umeimba tu.

Fundi akaolewa na makanika wa malori, akazaa, akafiwa, akalea, yote hayo cherehani ikiwa haijasimama. Watoto wakakua wakaenda zao, mmoja wa kiume mmoja wa kike, wakibaki kumpigia simu na kumwambia apumzike. "Nipumzike nifanye nini?" anawajibu. "Nikae nitazame ukuta?" Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, pazia la kubadilishia nguo kwenye kona, kioo kirefu kilichopasuka chini, na dirisha lililotazama barabara. Upande wa kulia palikuwa na duka la dawa. Upande wa kushoto, wakitenganishwa na mbao tu, palikuwa na Fundi Redio, mtani wake wa miaka mingi, ambaye ndiye aliyempa lile jina la Kinanda.

"Jirani," Fundi Redio humwita kupitia kwenye ufa wa mbao, "leo kinanda chako kina mafua?"

"Kina mafua ya kukusikiliza wewe," naye hujibu, mguu kwenye kanyagio.

Sasa, kati ya nyimbo zote alizokuwa nazo kichwani, uliokuwa wa zamani kupita zote ulikuwa wa Mwalimu.

Mwalimu alifundisha hesabu, lakini shule nzima ilimjua kwa gwaride. Asubuhi ukipita karibu na ule uwanja utamsikia hata kama una pamba masikioni: "Simama wima! Mabega sawa! Wewe wa nyuma, bega hilo umelipa likizo?" Watoto walimpa jina la Mabega Sawa, nao wakakua, wakazaa, wakaleta watoto wao kwa Mabega Sawa. Mwenyewe alikuwa amenyooka kama mlingoti. Basi ndivyo watu walivyomwona.

Fundi peke yake ndiye aliyejua. Mwalimu alizaliwa na uti wa mgongo uliopinda kidogo, na mpindo ule ulivuta bega la kushoto likashuka. Alipoletewa mwili ule mara ya kwanza, Mwalimu akiwa msichana aliyetoka chuoni na barua ya kuajiriwa, fundi naye akiwa ndiyo kwanza amekabidhiwa mkasi, Mwalimu alisimama nyuma ya pazia na blauzi mkononi akasema, "Kama utacheka, cheka sasa hivi, halafu tufanye kazi."

Fundi hakucheka. Alizunguka nyuma, akazunguka mbele, akaweka kiganja kwenye bega la kushoto kama mtu anayepima joto la mtoto, akaanza kuimba polepole:

*Bega la kushoto, tia pamba, tia pamba,*
*la kulia liache, liache lipumue.*
*Nyuma kata kwa huruma, mbele kata kwa macho,*
*ajuaye anyamaze, asiyejua asiulize.*

Pamba aliiweka kati ya kitambaa na bitana, akaipunguza kuelekea shingoni ili isijitokeze, na mgongo akaukata pande mbili zisizolingana ili zikivaliwa zilingane. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akageuka ubavu, akageuka tena. Kisha akasema, "Hii siri ni yako na yangu." Fundi akamwambia, "Siri ya mtungi aijuaye kata, dada. Kata haina mdomo."

Toka siku hiyo wakaitana dada. Nguo ya kazini, nguo ya harusi, nguo ya kumzika mume, zote zilipita chini ya sindano ile ile. Na sasa ilikuwa zamu ya nguo ya mwisho ya kazi, maana Mwalimu alikuwa anastaafu, na shule ilikuwa imeandaa sherehe ya kumuaga. Kitambaa cha kijani kibichi kilikuwa kimekwisha kukatwa na kuungwa kwa mkono, kinamngojea aje kujaribu.

Balaa liliingia kwa mlango wa mbele, limevaa viatu virefu, likiomba kubadilishiwa zipu.

Alikuwa binti wa mteja mmoja wa siku nyingi, mwenye adabu zake, anafanya kazi kwenye kampuni ya kutengeneza matangazo. Alikaa kwenye benchi akingoja, na fundi alikuwa anashikiza pamba begani mwa ile nguo ya kijani, kwa hiyo alikuwa anaimba. Binti akaacha kuchezea simu. Akasikiliza. Akainua simu taratibu.

"Shangazi," akasema wimbo ulipoisha, "huo wimbo ni wa nani?"

"Wa kazi tu, mwanangu. Wangu."

"Nimeurekodi. Naomba niutumie mahali. Unanipa?"

Fundi alicheka. Alidhani binti anautaka uwe mlio wa simu, kama vijana wanavyofanya. "Chukua, mama. Wimbo si kitambaa, ukikatwa haupungui."

Aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, sindano ikiwa mkononi. Baadaye aliyakumbuka maneno yale mara nyingi.

Siku zikapita. Jioni moja Fundi Redio alikuwa ametengeneza televisheni kubwa ya mteja na ameiwasha ili aone kama itazima tena, na kama kawaida nusu ya mtaa ilikuwa imesimama mlangoni kwake ikimsaidia kuona. Taarifa ya habari ilikuwa haijaanza. Mara likaja tangazo. Nyumba tupu, kuta chafu. Mwanamume mwenye shati jeupe anatembea ndani yake, kila anapogusa ukuta, ukuta unageuka manjano. Mtoto anacheka. Mbwa anapita. Na juu ya magitaa na ngoma, sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito na ya kutokuwa na haraka:

*Bega la kushoto, tia pamba, tia pamba…*

"We!" Fundi Redio akapiga kelele. "Jirani! Kinanda! Njoo uone umo humu ndani!"

Fundi alifika na futi shingoni, akawahi mwisho wa tangazo: kopo la rangi ya nyumba, jina la rangi, na sauti yake mwenyewe ikimalizia, *asiyejua asiulize*. Watu wakampigia makofi. Yeye naye akacheka, akaziba uso kwa mikono miwili kama bibi harusi. Nani asingefurahi? Kesho yake binti akaleta asante ya kampuni, madebe ya rangi ile ile ya manjano, na fundi akapaka ukuta mmoja wa duka, ule unaotazamana na kioo.

Lile tangazo likashika kama moto kwenye nyasi kavu. Na kilicholifanya lishike si rangi, wala mbwa. Ni kwamba hakuna aliyejua linasema nini. Pamba na rangi wapi na wapi? Bega linahusiana nini na ukuta? Mtaani kila mtu akawa mfasiri.

"Upande wa kushoto ndio wa moyo," Fundi Redio alitangaza. "Mtu kaumizwa na mapenzi, anaambiwa ajiliwaze. Mimi haya mambo nayajua."

"Unayajua kutoka wapi, na umeachwa mara ngapi?" mkewe akamuuliza.

Muuza dawa wa upande wa pili alikuwa na yake. "Nyie hamjasoma. Hiyo ni chanjo. Sindano inadungwa bega la kushoto, halafu unabonyeza pamba. La kulia unaliacha lipumue. Serikali hiyo, inatukumbusha kwa ujanja."

"Na mbele kata kwa macho?"

"Hapo sasa," muuza dawa akakuna kidevu, "hapo ni kitengo cha macho."

Wengine wakasema ni siasa. Redioni watu wakawa wanapiga simu, mmoja anasema ni methali ya kale, mwingine anasema babu yake aliuimba vitani. Fundi aliyasikia yote akishona, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Ni wimbo wa kazi tu," na kucheka. Alikuwa hajaona bado. Mtu ukizoea kuimba kitu mpaka kikawa pumzi, husikii tena kinasema nini.

Aliyemfumbua macho ni mama mmoja aliyeleta sare ya mwanawe ipandishwe pindo.

"Fundi, umetuharibia watoto," akasema kwa utani. "Wimbo wako umegeuka wa gwaride. Unaenda na hatua, si unajua? Kushoto, pamba, kushoto, pamba. Jana wamemwimbia Mabega Sawa uwanja mzima, wamempita mbele wakiimba. Maskini, siku hizi hata hapigi kelele. Anasimama tu."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya kanyagio.

Akatazama ile nguo ya kijani kwenye hanga. Mwalimu alikuwa aje kuijaribu wiki iliyopita. Hakuja. Fundi alidhani ni shughuli za kustaafu.

"Fundi? Umesikia, pindo lishushwe ama lipandishwe?"

"Lipandishwe," fundi akasema, na akalishusha. Ilibidi alifumue baadaye.

Kwa wengine ule ulikuwa wimbo usio na maana. Duniani palikuwa na watu wawili tu waliojua maana yake, na mmoja wao ndiye alikuwa anaimbiwa usoni, mbele ya watoto aliowaambia maisha yake yote wasimame sawa. Jina halikutiwa, ni kweli. Lakini shangazi hakuwahi kufikiria televisheni.

Na kama vile haitoshi, binti wa matangazo akarudi, safari hii kwa furaha ya kupitiliza.

"Shangazi, umeshinda! Kampuni inapokea maswali mpaka simu zimechoka. Wanataka uje kwenye kipindi, televisheni ile ile, moja kwa moja, uwaambie watu maana ya wimbo. Ijumaa!"

"Sitaki, mwanangu."

"Usiogope, nitakuwepo. Na shangazi…" binti akapunguza sauti, "usipokuja, wamesema watakuja wao hapa na kamera, wawaulize wateja wako. Watu wanataka kujua. Si mimi, ni wao."

Fundi akaona picha nzima: kamera mlangoni, pazia la kubadilishia nguo, wateja wake mmoja mmoja wakiulizwa, na mmoja wao mwenye akili akitazama bega, akitazama pamba, akijumlisha. Na Fundi Redio upande wa pili wa mbao asingenyamaza hata kwa dawa.

"Nitakuja," akasema. Binti akamkumbatia, akaondoka akitembea kama anacheza.

Alfajiri ya kesho yake, kabla ya kufungua duka, fundi alifunga ile nguo ya kijani kwenye khanga akaenda nyumbani kwa Mwalimu. Alimkuta anafagia. Filimbi ya gwaride ilikuwa imening'inia kwenye msumari kando ya mlango.

"Karibu, fundi," Mwalimu akasema.

Hakusema dada. Fundi aliipokea ile "fundi" kama mtu anavyopokea kofi na kuuma meno.

"Nimekuletea nguo uijaribu."

"Iweke hapo. Kama haitanikaa, nitavaa ya zamani."

"Dada…"

"Unajua," Mwalimu akasema, ufagio ukiendelea, "siku ya kwanza nilidhani naota. Nilikuwa nakunywa chai. Nasikia, *la kulia liache lipumue*. Hayo maneno nimeyasikia wapi? Nikajishika bega. Mkono wenyewe ulikwenda. Halafu nikawaza, hapana, dada yangu hawezi. Halafu nikasikia sauti."

"Sikujua ni tangazo. Aliniomba mtoto wa watu, nikadhani wa simu yake."

"Ulimpa."

"Nilimpa."

"Nami miaka yote hii nilidhani unaimba tu. Sikujua kwamba unaniimba mimi."

Ilikuwa kweli: fundi hakuwahi kumwambia. Kwake ilikuwa wazi kama futi shingoni. Kila mteja ni wimbo. Lakini mteja amejuaje? Mtu anavua nguo mbele yako, anadhani unamfumbia macho, kumbe unamkariri.

"Kila mmoja anao wake," akasema taratibu. "Ndivyo ninavyoshika vipimo. Shangazi alisema karatasi ina mdomo."

Mwalimu akacheka, cheko kavu. "Na shangazi yako hakukwambia kwamba wimbo nao una miguu?" Akaegemeza ufagio ukutani. "Nasikia Ijumaa unaitwa ukatoe maana."

"Sitawapa."

"Usiniahidi, fundi. Ahadi yako ninayo tayari, ya tangu ujana. Hebu nenda ukaitunze hiyo hiyo."

Akaipokea nguo, akaiweka mezani bila kuifungua, na fundi akarudi zake akitembea pembeni mwa barabara kama mgeni.

Kwa siku zile zote hakuimba. Alipima kwa kufunga midomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akashona suruali yenye mguu mmoja mrefu. Fundi Redio aligonga mbao. "Jirani, uko hai?" Akajibiwa kwa kikohozi.

Ijumaa ikafika. Walimpaka poda usoni, wakamkalisha kwenye kiti laini kilichommeza, taa zikamwakia kama jua la mchana. Hawakumwambia avue futi, naye hakuivua. Bila futi shingoni angejiona uchi. Mtangazaji alikuwa kijana mcheshi, mwenye koti la bluu lililombana tumboni mpaka kifungo kilikuwa kinaomba msaada.

"Mama, karibu sana! Nchi nzima haijalala kwa ajili yako. Hebu tuambie: bega la nani hilo?"

Watu waliokaa studio wakacheka. Fundi akaona hapo hapo kwamba swali halikuja kuzunguka, limekuja moja kwa moja.

"Ni wimbo wa kazi, baba. Mimi ni fundi wa nguo."

"Aah! Kwa hiyo ni bega la mteja! Kuna mtu, ndugu watazamaji, yuko huko nje, ana bega la kushoto lenye pamba!" Akaigeukia kamera na kuikonyeza. "Ni nani, mama? Mwanamke au mwanamume? Mkubwa? Tunamjua?"

Fundi akaigusa futi shingoni. Amefungua kinywa kusema neno moja, na mtego umefyatuka. Alimwaza Mwalimu amekaa mbele ya televisheni na mkono begani. Angesema uongo, lakini uongo hakuuzoea, na mtu akivaa nguo ya kuazima huonekana. Basi akafanya kile alichokuwa anajua kufanya. Akajiinua kutoka kwenye kile kiti kilichommeza, akavuta futi shingoni.

"Simama, mwanangu."

"Mimi?"

"Wewe. Umeupenda wimbo wa mwenzio. Simama nikupime, nikutungie wako. Naanza juu nashuka chini, na ninaimba ninachokikuta. Halafu watu wapige simu waulize maana."

Mtangazaji akacheka, akasimama nusu, akatazama futi, akatazama mahali futi itakapopita. Mkono wake ukateremka wenyewe, ukafunika kifungo cha koti. Studio nzima ikaangua kicheko. Yeye naye, na hapa lazima apewe haki yake, akacheka kuliko wote.

"Hapana mama! Wangu uache."

"Basi na wa mwenzio uache," fundi akasema. "Kila aliyewahi kuvua shati mbele ya fundi ana wimbo wake. Huyo mnayemtafuta ni yeyote kati yenu. Mimi kosa langu ni kuimba mlango ukiwa wazi." Akairudisha futi shingoni, akakaa. "Na rangi yao ni nzuri. Nimepaka ukuta mmoja."

Kipindi kikaishia kwenye kicheko hicho, na ile habari ya kamera kuja mtaani ikafa, maana hakuna mtangazaji aliyetaka tena kumkaribia yule mama na futi yake. Binti wa matangazo alimsindikiza mpaka nje. Kwenye ngazi akasema, "Shangazi, nisamehe. Sikujua kama wimbo una mwenyewe." Fundi akamwambia, "Hata mimi nilikuwa nimesahau."

Mnadhani watu waliacha? Hawakuacha, walikata kona. Walipokosa maana, wakaamua kuuvaa. Wiki haikwisha, msichana mmoja akaja dukani. "Mama, nitie pamba bega la kushoto, kama kwenye wimbo."

"La kushoto tu?"

"La kushoto tu. Ndiyo mtindo."

Fundi akamtazama kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Baada ya huyo wakaja wengine, mpaka makarani wa benki, mpaka muuza dawa na koti lake jeupe. Mtaa mzima ukawa unatembea upande. Fundi Redio naye akaja kwa aibu na shati lake mkononi, akisema ni mke wake anayetaka.

Ilikuwa katika rabsha hizo, jioni, wateja wamepungua, ndipo mlango wa bati ulipolia na Mwalimu akaingia. Chini ya kwapa alikuwa na ile nguo ya kijani, imefungwa tena kwenye khanga ile ile. Alisimama akatazama ukuta wa manjano.

"Rangi gani hii? Kama mtu ana homa."

"Ni ya bure," fundi akasema. Hakuthubutu kusimama.

"Nimemwona mkuu wa shule leo. Bega lake la kushoto limefika sikioni. Nikawapanga walimu wote mstari mmoja kwa ajili ya sherehe, nikatazama toka mwanzo hadi mwisho." Midomo ya Mwalimu ilikuwa inamcheza. "Dada, shule nzima imepinda. Aliyenyooka ni mimi peke yangu."

Fundi akaweka mkono mdomoni. Hakutaka kucheka kabla ya kuruhusiwa. Lakini Mwalimu alikwisha kuanza, anacheka huku amejishika ubavu, na ile "dada" iliyopita katikati ya maneno fundi alikuwa ameisikia vizuri sana.

"Nilikutazama Ijumaa," Mwalimu akasema alipopata pumzi. "Nilikuwa nimekaa hivi, mkono begani. Ulipomwambia yule kijana asimame, nikapiga mluzi mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini." Akafungua khanga, akatingisha nguo. "Haya. Sherehe ni keshokutwa na hii hainikai. Nimeijaribu, imenikataa."

"Haiwezekani. Nimekata kwa kipimo chako."

"Kipimo changu cha lini?"

Fundi akafikiri. Wimbo wa Mwalimu ulikuwa na ubeti mwingine ambao watu wa matangazo waliukata, ubeti wa kiunoni. Aliutunga zamani, na kwa kuwa ulikuwa mtamu, aliendelea kukata nguo kwa huo huo huku akiacha nafasi kidogo pembeni, kidogo pembeni, bila kuubadilisha.

"Unasemaje huo ubeti?" Mwalimu akauliza. "Nina haki ya kujua. Ni mwili wangu."

Fundi akainama, akasema kwa kunong'ona bila tuni: "Kiuno shingo ya chupa, mkanda usikibane. Urefu upite goti, upepo ukose kazi."

Mwalimu alijitazama kwenye kile kioo kilichopasuka, mbele, kisha ubavuni. "Dada yangu," akasema, "chupa hiyo ilishakuwa pipa. Huu wimbo wako ni wa uongo. Nipime upya."

Akaingia nyuma ya pazia, akavua blauzi kama alivyofanya ujanani, akasimama wima, bega lake la kushoto likiwa mahali pake, chini. Fundi akavuta futi shingoni. Akaiweka begani. Akaiweka mgongoni. Akaizungusha kiunoni, akapima, akapima tena.

"Mbona huimbi?" Mwalimu akauliza.

"Nimejifunza kufunga mdomo."

"Na ile suruali ya mume wa jirani yangu, uliyomshonea mguu mmoja mrefu, ndiyo matunda ya kufunga mdomo? Mimi nitasimama mbele ya watu, sitaki majaribio. Na pamba ya bega usinipunguzie. Iongeze kidogo, siku hizi wanatazama mabega."

"Ndiyo, dada."

"Basi imba."

Fundi akavuta pumzi. Upande wa pili wa mbao mkwaruzo wa bisibisi ya Fundi Redio ulikuwa umenyamaza, wazi kabisa kwamba ametega sikio.

"Ngoja," Mwalimu akasema, akainua kidole kama yuko uwanjani. "Kwanza kafunge mlango. Na wewe jirani wa huko, washa redio yako, tena kwa sauti."

Bisibisi ikawekwa chini. Halafu, kupitia kwenye ufa, redio ikawaka.